Shati la Anyosisye

Mkono wa Anyosisye ulikisogelea kikombe, kisha ukaishia njiani. Vidole vilikuwa vimekunjika nusu juu ya meza, kama vya mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Upande wa pili wa meza, mke wake Atuganile alikuwa ameikalia mikono yake mwenyewe. Aliikalia kweli, viganja chini ya mapaja, kwa sababu asubuhi ile ilishamponyoka mara moja na shati likamkemea.

"Anajaribu," shati lilisema tena. Sauti yake ilikuwa ya kike, ya upole, na ilitokea kwenye ukosi. "Tafadhali msimguse."

Chai iliacha kutoa mvuke. Utando mwembamba ukajitanda juu yake, ukajikunja. Nje ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya chai kuelekea Tukuyu, na jirani alikuwa akimwita mbuzi wake. Kidole cha shahada cha Anyosisye kilicheza kidogo. Atuganile akainama mbele, pumzi ameizuia. Kidole kikatulia.

"Basi," Anyosisye akasema.

Ndilo neno pekee alilobakiwa nalo. Kiharusi cha kwanza kilimchukulia upande mzima wa kulia pamoja na maneno yake. Cha pili, kilichomkuta akiwa bado hospitalini, kikaudhoofisha na upande wa kushoto. Akitaka maji alisema basi. Jua likichomoza alisema basi. Binti yao Bupe akipiga simu kutoka Mwanza na sura yake ikatokea ukutani, baba yake aliitazama, akatabasamu kwa nusu ya mdomo, akasema basi. Neno lenyewe linaweza kumaliza jambo au kulianzisha, linaweza kukubali, linaweza kukata tamaa. Atuganile alikuwa ameishi na mtu huyu tangu wote wawili ni vijana wa kwaya, na alidhani angelitambua kwa sauti tu. Hakulitambua.

"Basi nini, Baba Bupe?" alimuuliza. "Umechoka, au tuendelee?"

Anyosisye alimtazama tu. Shati likasema anajaribu.

*

Shati lilikuja naye kutoka hospitali. Lilikuwa la kijivu, zito kidogo kuliko shati la kawaida, na lilikuwa na suruali yake. Nyuzi zilizopandikizwa chini ya ngozi, kuanzia shingoni hadi vidoleni na kwenye nyayo, zilizungumza nalo. Aliyewaleta nyumbani alikuwa Subilaga, mtaalamu wa viungo wa kata, binti mrefu mwenye haraka ya kutembea na subira ya kueleza.

"Mama, ubongo ukitaka mkono uende, unatuma ishara," alimwambia Atuganile siku ya kwanza, akiwa amepiga magoti mbele ya mgonjwa. "Ya baba bado inatoka, ila inafika imechoka. Shati linaisikiliza. Likiisikia, linaongezea nguvu pale ilipopungua. Kila anapojaribu mwenyewe, njia ile inafunguka zaidi, na shati linapunguza msaada. Mwisho wake analivua."

"Na asipojaribu?"

"Litamsubiri. Hapo ndipo kazi yako ilipo. Usimsaidie. Ukimshika, ishara yako inachanganyika na yake, shati linapotea."

"Yaani nimtazame tu."

"Umtazame tu, mama. Najua ni vigumu."

Hakujua. Atuganile aliona hivyo baada ya siku chache tu. Kumtazama mtu mzima, aliyewahi kuwa mwonja chai mkuu wa kiwanda, akihangaika na kifungo kimoja mpaka machozi yamtoke, na wewe una vidole kumi vizima, kulikuwa na uchungu usiofanana na uchungu wowote aliowahi kuupata. Uzazi ulimuuma, lakini uzazi ulikuwa na kazi ya kufanya.

Tena hapakuwa na mwingine wa kumwita. Wauguzi wa majumbani walikuwa wameondolewa tangu mashati yalipoenea. Sheria ilikuwa nyepesi kuielewa: mgonjwa alipewa msimu mmoja nyumbani, kisha mkaguzi alikuja kumwangalia. Akiweza kuamka, kuoga, kuvaa, kujipikia chai na kula bila mkono wa mtu, alibaki kwake na shati lake. Asipoweza, alipelekwa Makao ya Uangalizi, bondeni, safari ya kutwa nzima, na mwenza wake aliruhusiwa kumtembelea sikukuu.

Msimu ulikuwa ukielekea ukingoni alipoanguka.

Alikuwa amesimama kati ya jiko na meza, shati likisubiri ishara ya mguu. Ishara haikuja. Alikwenda chini taratibu, kama gunia linaloteremshwa, akalala ubavu, shavu kwenye sakafu. Hakuumia. Atuganile alimshika kwapani akavuta. Yeye alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa imechakaa. Anyosisye alikuwa mtu wa kimo na kifua. Atuganile alivuta, akapumzika, akavuta. Alimsogeza mpaka kwenye mguu wa meza, akashindwa hapo. Akatoka kuita jirani, akakuta mlango umefungwa na mbuzi wamekwenda malishoni. Akarudi, akatandika khanga sakafuni, akalala kando yake, wakatazamana.

"Msaada umeitwa," shati lilisema. "Utafika. Tafadhali msimguse."

Subilaga aliwakuta hivyo, jua likiwa limeshapita utosini. Aliwaangalia wote wawili pale chini, na kwa mara ya kwanza hakueleza kitu. Alimwinua mgonjwa, akamkalisha, akamfuta uso. Ndipo akamvuta Atuganile mpaka uani.

"Mama, njia hazifunguki," alisema. "Nimeziangalia. Hazitafunguka kabla mkaguzi hajaja, na sidhani kama zitafunguka baadaye."

"Kwa hiyo watamchukua."

"Kuna hatua nyingine. Shati linaweza kuacha kusubiri. Linaweza kumbeba. Linajua mwili unavyoamka, unavyooga, unavyopika chai. Limejifunza kwa maelfu ya watu wazima. Litamfanyisha yeye. Ataweza kila kitu."

"Atapona?"

Subilaga alitazama pembeni. "Ataweza kila kitu," alirudia.

*

Siku shati lilipoanza kumbeba, Atuganile alilia kwa furaha, na hakuona aibu. Anyosisye aliketi kitandani, akashusha miguu, akasimama. Alitembea hadi bafuni kwa hatua zilizopangika, akaoga, akajipangusa hadi katikati ya vidole vya miguu, mahali ambapo hata alipokuwa mzima hakuwa akipahangaikia. Alifunga vifungo kuanzia chini kwenda juu. Akaenda jikoni, akajaza maji kwenye birika, akawasha jiko, akapima majani.

Bupe alishuhudia yote kupitia ukutani, mkono mdomoni.

"Mama, ona baba," alikuwa akisema. "Mama, ona anavyomimina."

"Namwona, mwanangu."

"Mungu ni mwema. Mimi nilishaanza kutafuta likizo nije kumsindikiza bondeni."

Anyosisye aliweka vikombe viwili mezani, akatia sukari, akakoroga, akaketi. Akanywa. Atuganile naye akanywa, na kikombe kikiwa bado mdomoni akajua kuna kitu. Chai ilikuwa tamu, nyepesi, ya maziwa mengi. Ilikuwa chai ya mtu yeyote. Mume wake, kwa miaka yote ya ndoa, hakuwahi kutia sukari ndani ya chai. Alikuwa akisema sukari ni blanketi wanalofunikia majani mabovu. Alikuwa akivuta funda kwa kelele, analizungusha mdomoni, halafu analitaja shamba lilikotoka, na wageni walidhani anatania.

Alimtazama. Mkono ulikuwa ukipeleka kikombe mdomoni, ukikirudisha mezani, ukikipeleka tena, kwa mwendo mzuri kabisa. Juu ya kikombe macho ya Anyosisye yalikuwa yamejaa maji. Funda moja alilitema, likamchirizika kidevuni. Mkono mwingine ukachukua kitambaa, ukafuta kidevu. Mkono wa kwanza ukaleta kikombe tena.

"Basi," alisema ndani ya kikombe. "Basi. Basi."

Atuganile aliinuka akaenda nyuma yake. Kwenye ukosi wa shati palikuwa na kitufe bapa kilichoandikishwa kidole chake peke yake. Akakibonyeza. Mikono ikaanguka mezani, kikombe kikapinduka, na Anyosisye akalegea kitini mpaka ikabidi amzuie kwa kifua asiteleze chini.

"Mama, umefanya nini?" Bupe aliuliza ukutani. "Mbona umelizima?"

"Hataki chai."

"Sasa mama, ni chai tu. Mwache amalize."

*

Walizungumza tena na Subilaga uani, safari hii Atuganile akiwa ndiye aliyemvuta mwenzake.

"Nataka aweze kuliambia lisimame," alisema.

"Mama, uwezo wa kulisimamisha unao wewe. Kitufe."

"Nasema yeye."

Subilaga alijikuna shingo. Alieleza kwamba shati limejengwa kumsaidia mtu kutenda. Mazoezi yote ni ya kutenda, na kipimo chote cha mkaguzi ni cha kutenda. Kuacha hakuna zoezi lake, kwa kuwa aliyelala hospitalini alikuwa tayari ameacha kila kitu, na hakuna aliyefikiri angehitaji kufundishwa kuacha zaidi.

"Lakini lina sikio," Atuganile alisema. "Ulisema linasikiliza."

"Likibeba, nalifunga hilo sikio. Vinginevyo kila kutetemeka kwake kungelisimamisha katikati ya ngazi."

"Mfungulie kidogo."

Subilaga akaingia ndani, akaketi mbele ya Anyosisye, akamgusa sehemu moja baada ya nyingine huku akitazama kioo chake kidogo. Bega la kushoto lilikuwa na uhai kuliko sehemu nyingine. Lilikuwa linaweza kujivuta nyuma, kwa shida, kama mtu anayekwepa kuguswa na mgeni.

"Nimeliacha hapa wazi," alisema. "Bega likijivuta, shati linasimama lote pale pale; likilegea, linaendelea. Na kitufe chako sasa kinafunga na kufungua sikio tu. Lakini nisikilizeni nyote wawili. Mkaguzi akija, mama, ulifunge sikio kwa kidole chako kabla hajaingia. Akiona limesimama, kwake huyo ni mtu aliyeshindwa katikati ya kazi. Hana namna nyingine ya kuliona."

"Nitalifunga."

Wakaanza. Kila asubuhi shati lilimwamsha na kumfanyisha kazi zake, na kila asubuhi Atuganile alikuwa pembeni akimwambia, "Likatae, Baba Bupe. Bega. Vuta bega." Uso wa Anyosisye ulijikunja, mshipa ukamtoka kwenye paji, na mikono ikaendelea kupaka sabuni, kufunga vifungo, kukoroga. Kulikuwa na siku Atuganile alijiuliza kama hakuwa amemwongezea mateso mapya juu ya yale ya zamani. Mwanzo hakuweza kutenda. Sasa hakuweza kuacha, na yeye mkewe alikuwa amesimama pale anamhimiza kwa maneno, kama shabiki nje ya uwanja.

Kisha ikatokea, wakati wa kuchana nywele. Mkono ulikuwa umeinua chanuo hadi sikioni, bega likajivuta nyuma ghafla, na kila kitu kikasimama. Anyosisye alibaki hivyo, chanuo hewani, nywele nusu zimelala nusu zimesimama. Alingoja. Shati lilingoja. Hakuna kilichotokea, na huko kutotokea kulikuwa kwake mwenyewe.

Alianza kucheka. Kicheko chake kilitoka kwa upande mmoja, kikamtetemesha kifua ndani ya shati lililokuwa limegoma pamoja naye. Atuganile alishika meza akacheka mpaka nyonga ikamuuma.

"Basi?" alimuuliza.

"Basi," Anyosisye akasema, na siku hiyo walielewana.

*

Mkaguzi alikuwa Bwana Kihwele, mtu wa makamo kutoka Iringa, mwenye koti la mvua na sauti ya chini. Alibisha hodi mapema kuliko walivyotarajia. Usiku wa kuamkia siku hiyo Bupe alikuwa amempigia mama yake, akamsihi alifunge lile sikio asilale akalisahau. "Mama, mimi siwezi kumbeba na wewe huwezi kumbeba," alikuwa amesema. "Tukimpoteza kwa ajili ya bega, tutamwambia nini?"

Atuganile hakuwa amesahau. Alfajiri alisimama nyuma ya kiti cha mume wake, kidole kikiwa juu ya kitufe. Anyosisye aligeuza macho kadiri alivyoweza kumtafuta, na kwa kuwa hakuweza kugeuza shingo, macho yaliishia pembeni, yakakaa hapo yakisubiri. Kidole kikarudi chini. Alijiambia atalifunga wakisikia gari. Gari halikusikika, Bwana Kihwele alikuwa ameliacha barabarani kwa sababu ya tope.

Mkaguzi alikaa kwenye kiti cha pembeni, akakunja nne. Hakuwa mtu mbaya. Alimsalimia mgonjwa kwa heshima, akamwita mzee, akaomba radhi kwa kumwingilia nyumbani. Anyosisye alioga, akavaa, akatandika kitanda. Bwana Kihwele alikuwa akitikisa kichwa taratibu kwa kuridhika.

Anyosisye akaja jikoni. Akajaza birika. Akawasha jiko, akapima majani, akamimina maziwa. Mkono ukachukua kijiko, ukachota sukari, ukakileta juu ya kikombe.

Bega likajivuta.

Alisimama pale, kijiko hewani, sukari ikidondoka punje punje mezani. Jikoni kulikuwa na mlio wa birika tu. Bwana Kihwele alinyoosha miguu, akaketi wima.

"Amekwama," alisema.

"Hajakwama," Atuganile alijibu. "Amekataa."

"Amekataa nini, mama?"

"Sukari. Hatumii sukari. Amelisimamisha mwenyewe, kwa bega lake. Limefunguliwa sikio."

Bwana Kihwele alimtazama Anyosisye kwa muda mrefu, na Atuganile aliona kwamba alikuwa anajaribu kwa dhati kukiona alichoambiwa. Kisha akashusha pumzi.

"Mama yangu, nakusikia. Lakini nimekuja kuangalia kama mzee anaweza. Sina mahali pa kuandika kwamba hataki. Mtu aliyesimama na kijiko hivi, wewe ukiwa umekwenda sokoni, moto unawaka, mimi nitamwachaje?"

"Atazima akitaka."

"Tumngoje, basi."

Walingoja. Birika liliimba, likaanza kumwaga povu, na Bwana Kihwele akainuka mwenyewe akazima jiko. Anyosisye hakusogea. Atuganile alimwendea akasimama mbele yake. Alisema kwa sauti ya chini, ya watu wawili:

"Baba Bupe. Legeza bega. Amalize aende zake. Kesho utalikatalia mpaka uchoke."

Anyosisye alimtazama machoni. "Basi," alisema.

Atuganile alilisikia neno lile, na hakulijua. Lilitoka tulivu, bila hasira. Lingeweza kuwa sawa, fanya unavyoona. Lingeweza kuwa nimefika mwisho, niache nisimame. Alilipindua kichwani kila upande, akitafuta hata mkunjo mdogo wa kushikia.

"Mama," Bwana Kihwele alisema kwa upole, "nina ruhusa ya kumpa nafasi moja tena. Funga hilo sikio. Akimaliza hiki kikombe, nimemaliza na mimi. Ukiliacha wazi, gari la Makao litakuja kabla ya wiki kuisha, na huko pia atavalishwa shati. Litakuwa halina sikio."

Atuganile alikwenda nyuma ya mume wake. Nywele za kisogoni zilikuwa zimelowa jasho. Aliweka kidole kwenye kitufe, akakiacha hapo muda wa kumwomba Mungu, akakibonyeza.

Mkono ukamimina sukari kikombeni, ule mwingine ukamiminia chai. Aliliona bega likijivuta. Likajivuta tena, kwa nguvu zaidi, mpaka kitambaa kikakunjika, na mkono ukaendelea kukoroga kwa utulivu ule ule, kulia kwenda kushoto, kisha ukaweka kijiko pembeni na kusukuma kikombe mbele ya mgeni. Bega likajivuta kwa mara ya mwisho. Likatulia.

Bwana Kihwele alikunywa chai, akashukuru, akasema ni nzuri. Anyosisye alimsindikiza mpaka mlangoni, akampungia mkono.

*

Atuganile alilifungua sikio mgeni alipopinda kona tu. Jioni ile alimwambia, "Likatae sasa," na kesho yake, na kesho kutwa. Anyosisye aliamka, akaoga, akavaa, akapika chai yenye sukari, akainywa yote. Bega halikusogea. Atuganile alimpigia magoti, akamwomba msamaha kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na mkono wake ukashuka ukampapasa kichwani. Hakuweza kujua kama ulikuwa mkono wake au wa shati, maana shati nalo lilijua watu wazima hufanya nini mtu akiwalilia.

Wala hakusema basi tena. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Alimpigia Subilaga, naye akaja ingawa nyumba ile haikuwa tena kazi yake. Alilikagua bega.

"Linaweza," alisema. "Uhai upo kama mwanzo. Hajalitumia tu."

"Nataka umvue shati. Liondoe kabisa. Nitamlisha, nitamfuta. Tukianguka tutalala sakafuni tukingoja."

Subilaga alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Siwezi, mama. Kabla ya mkaguzi ningeweza, kwa neno lako. Sasa amefaulu. Kisheria ni mtu mzima anayejitegemea, na mtu anayejitegemea hakuna anayeamua juu ya mwili wake. Wala mke. Wala mimi. Lazima aombe mwenyewe, kwa maneno yanayoeleweka."

"Ana neno moja."

"Najua."

"Na hilo halisemi tena."

"Najua, mama." Subilaga alikuwa akitazama viganja vyake. "Walioiandika sheria hiyo walitaka kuwalinda watu kama baba. Nilifundishwa nikaona ni sheria nzuri. Bado naona ni nzuri. Sijui nifanye nini nayo."

Bupe alipiga simu jioni hiyo kuwapongeza kwa mara nyingine. Majirani zake huko Mwanza walikuwa wameona picha ya baba akipunga mkono mlangoni. Mama yake alimwacha aseme mpaka amalize, kisha akamwambia baba yako amechoka, tutaongea Jumapili.

Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Shati lilikuwa halina budi kuvuliwa mara moja kwa wiki. Jasho liliharibu mawasiliano yake na zile nyuzi. Subilaga alikuwa amewaeleza tangu mwanzo: lifuliwe kwa maji ya vuguvugu, lianikwe, likikauka avalishwe. Likikaa bila kuvaliwa kwa kutwa nzima, taarifa hujituma wilayani, na mtu huja kuuliza kulikoni.

Atuganile alimvua mume wake, akamlaza, akamfunika blanketi hadi kifuani. Bila shati mwili wake ulikuwa mzito na mlegevu. Alitoka nalo uani, akalifua bila haraka, kwapa, ukosi, mikono. Akalikamua. Akaliweka kwenye kamba, akabana vibanio, akarudi ndani kuangalia uji.

Mvua ilianza akiwa anaukoroga. Ilikuja na ule mvumo wake kutoka upande wa milima, ikapiga mabati, ikafunika sauti nyingine zote. Kupitia dirishani aliliona shati likining'inia, mikono yake inachuruzika. Ukumbini, mahali pakavu, palikuwa na kamba nyingine, hatua chache tu kutoka pale. Jirani alipita mbio akiwaswaga mbuzi, akaliona, akapaza sauti, "Mama Bupe, nguo yenu inalowa huku."

"Nimeiona," Atuganile alijibu. "Ndaga, asante."

Jirani alishangaa kidogo, akaenda zake. Atuganile alimimina uji kwenye bakuli, bila sukari, akaupuliza. Akaingia chumbani, akakaa kwenye kigoda, akachota kijiko akakipeleka mdomoni mwa mume wake.

Anyosisye alifunga midomo.

Aliibana mpaka ikawa mstari mmoja, macho yake makavu yakimtazama usoni. Atuganile alikishikilia kijiko pale kwa kitambo, uji ukipoa. Angeweza kumbembeleza. Angeweza kumgusa kwenye kona ya mdomo, kama alivyokuwa akimfanyia Bupe alipokuwa mchanga, na midomo ingefunguka yenyewe.

"Hutaki," alisema. "Haya."

Akarudisha kijiko ndani ya bakuli, akaliweka bakuli sakafuni, mbali kidogo na miguu yake, akakaa. Mvua iliendelea kunyesha.